Kuunganisha relei za ulinzi na kompyuta ya udhibiti: anza na karatasi na waya, menyu baadaye

Relei ya ulinzi, yaani kifaa kinachoamuru breka ikate umeme hitilafu ikitokea, ikifa mawasiliano haimsumbui mtu. Fida (laini inayotoka kituoni) ikipata hitilafu inatripu, yaani inajikata, kama kawaida, taa nyekundu inawaka kwenye paneli, maisha yanaendelea. Shida inakuja saa tisa usiku, mvua ya Januari inamwagika, fida imetoka, na skrini ya chumba cha udhibiti inaonyesha mambo shwari kwa sababu tarakimu zake ziliganda tangu juzi. Hapo ndipo mtu anachukua tochi na mwavuli kwenda kuziangalia paneli moja moja. Na hiyo ni ndani ya uzio mmoja. Kwa laini za 33 kV zinazotambaa hadi Tandahimba, Newala na Masasi, kutojua ni ulinzi gani uliofanya kazi na kwa mkondo kiasi gani ni kuipeleka gari mahali pasipo na tatizo.

Haya nimeyaandika kwa mafundi wa huku Mtwara Kuchele na wenzetu wa Lindi, hasa wale wenye swichigia (paneli za breka) ndogo ya 11 kV au 33 kV: relei nne hadi nane, kompyuta moja, na bosi anayetaka kuona ampia akiwa amekaa ofisini. Nitatumia Modbus RTU juu ya nyaya za RS-485, kwa sababu ndiyo itifaki utakayoikuta kwenye relei nyingi, za zamani na za leo. Ilitolewa na kampuni ya Modicon ya Marekani mwaka 1979 na hadi sasa haijastaafu. Itifaki nyingine nitazigusa kuelekea mwisho. Majina ya menyu hutofautiana kwa kila mtengenezaji, kwa hiyo sitasema bonyeza hapa, bonyeza pale. Nitasema unatafuta nini na kwa nini.

Kabla ya kugusa chochote

Kazi ya kwanza ya relei ni kulinda. Kuongea ni kazi ya pili. Ukiwa unatafuta mawasiliano usije ukaharibu ulinzi.

Chukua kibali cha kazi, na mwenye zamu ajue unagusa paneli ipi. Kisha soma kwenye kitabu cha relei kinachotokea ukihifadhi mipangilio ya mawasiliano. Ziko relei ambazo hujiwasha upya, na kwa sekunde kadhaa hazilindi kitu. Kuzuia waya wa kutripu kwenye test bloku kunaiokoa fida isitoke ovyo, lakini nako kunaiacha bila mlinzi wake, imebaki na relei ya juu yake tu. Ndiyo maana mimi hupenda kuifanya kazi hii fida ikiwa imezimwa kabisa. Kwenye viwanda vya korosho panga mapema. Msimu ukishafunguliwa na mizigo ikianza kuingia, usitegemee mtu wa kukuzimia mashine kwa sababu ya anwani ya relei.

Baada ya hapo unganisha laptopu na relei, SOMA faili lote lililomo ndani yake sasa hivi, ulihifadhi kwa jina lenye tarehe. Badilisha kurasa za mawasiliano kwenye faili hilohilo ulilolisoma leo. Usichukue lile lililokaa kwenye laptopu tangu mwaka jana. Mimi niliwahi kufanya hivyo. Nilifungua faili la miezi minane nyuma, nikabadilisha anwani tu, nikataka kutuma. Mkono ulikuwa juu ya kitufe nilipokumbuka kulinganisha faili na relei, nikakuta mstari mwingine mwekundu usiohusiana na anwani: kiwango cha ulinzi wa mkondo wa ziada kilikuwa kinarudi kutoka 0.8 hadi 0.6. Kuna mtu alikipandisha baada ya mota mpya kuletwa, na faili langu halikuwa na habari hiyo. Ningetuma, fida ingetoka siku mota inawashwa, na hakuna ambaye angekumbuka kwamba nilipita pale "kurekebisha mawasiliano tu".

Hatua ya 1: Karatasi moja

Kabla ya waya wowote, andika jedwali. Kila relei na mstari wake: jina la fida kama linavyosomeka kwenye paneli, anwani, kasi, pariti (biti ya kuhakiki), biti za kusimama, na uwiano wa CT (transfoma ndogo inayopunguza mkondo ili relei iupime). Kwenye Modbus anwani za relei ni 1 hadi 247. Anwani 0 ni ya tangazo kwa wote, usimpe mtu. Relei nyingi hutoka kiwandani zote zikiwa na anwani 1, kwa hiyo ukiziunganisha nne kabla ya kubadilisha, unaita jina moja na wanaitika wanne kwa pamoja. Unachopata ni kelele.

Chagua kasi moja kwa wote. 9600 inatosha, na inavumilia kebo mbaya kuliko 19200. Kiwango cha Modbus chenyewe kinataka biti 8, pariti shufwa, biti 1 ya kusimama. Na kama hakuna pariti, biti 2 za kusimama. Watengenezaji wengi hawakijali na huweka biti 8, bila pariti, biti 1. Si hoja umechagua upi, ila relei zote na kompyuta zikubaliane neno kwa neno. Relei moja yenye pariti tofauti haitatoa onyo lolote. Itanyamaza tu.

Acha nafasi kati ya anwani ukitaka. Mimi fida za 33 kV huzipa 11, 12, 13 na za 11 kV huzipa 21, 22, 23, ili nikisikia "ishirini na mbili haijibu" nijue nielekee upande gani wa chumba.

Hatua ya 2: Waya

Hapa ndipo siku nyingi za kazi huishia, kwa hiyo nitakaa kidogo.

RS-485 ni nyaya mbili zilizosokotwa pamoja, mara nyingi na wa tatu wa rejea, ndani ya ganda la ngao. Nyaya hupita relei hadi relei kama uzi kwenye shanga: inatoka kwenye kompyuta, inaingia relei ya kwanza, inatoka, inaingia ya pili, hadi ya mwisho. Usiifanye nyota, yaani kila relei na kebo yake inayokutana na nyingine kwenye boksi moja la katikati. Nyota inaweza kufanya kazi mezani na ikakataa kwenye chumba cha swichigia. Urefu wote unaweza kufika mita 1,200, na kiwango cha msingi ni vifaa 32 kwenye mstari mmoja.

Kwenye ncha mbili za mstari, na ncha mbili tu, panawekwa rezista ya ohm 120. Relei nyingi zina rezista hiyo ndani, inayowashwa kwa kiswichi kidogo nyuma au kwa menyu. Kipimo chake ni rahisi na kinasema ukweli: zima vifaa vyote, weka multimita kati ya nyaya mbili za data. Ukisoma karibu 60, ncha mbili zipo. Ukisoma karibu 120, ncha moja haina rezista au kebo imekatika katikati. Ukisoma 40, kuna mtu amewasha rezista ya tatu kwenye relei ya katikati. Tembea na mstari hadi uione. Kipimo hiki ni cha dakika mbili, nami sijui kwa nini watu huanza kubadilisha pariti kabla ya kukifanya.

Alama za A na B zisikutie imani. Kuna watengenezaji ambao A yao ni B ya wenzao. Wengine huandika alama ya kujumlisha na kutoa. Mstari ukikataa na vipimo vyote viko sawa, geuza nyaya mbili kwenye relei husika ujaribu tena. Kwa kawaida kugeuza hakuunguzi kitu.

Ngao ya kebo ifungwe kwenye ethi upande mmoja tu, na ngao ziunganishwe moja kwa nyingine zinapopita kwenye paneli. Kebo ya data isilale kwenye njia moja na kebo za nguvu. Na isitoke jengo moja kwenda jengo jingine ikiwa ya shaba. Radi zetu mnazijua. Kati ya majengo weka faiba, na konveta kila upande. Ni rahisi kuliko kununua relei mbili.

Sasa la pwani. Ukiwa Mikindani au Shangani, hewa yenyewe ina chumvi. Nimefungua tamino (kifungio cha waya) ambayo kwa juu inang'aa. Nikalegeza skrubu, waya ukatoka na unga wa kijani kwenye nyuzi zake, laini kama poda. Multimita ilikuwa inaonyesha waya mzima, lakini mtu akifunga mlango wa paneli kwa nguvu mawasiliano yanakatika, na akifungua yanarudi. Kata ncha hiyo hadi ufike kwenye shaba nyekundu, vika kofia ya chuma ya kubana, kaza upya. Hakikisha hita ya paneli inafanya kazi, ili unyevu usitue usiku. Ziba pia matundu ya kebo chini ya paneli, maana mijusi nao wanapenda joto la relei, na mjusi aliyekauka juu ya tamino si hadithi niliyosimuliwa.

Hatua ya 3: Mipangilio kwenye relei

Hii ni ya dakika tano. Chagua poti ya nyuma, si ile ya mbele ya laptopu. Chagua itifaki ya Modbus RTU kwenye poti hiyo. Kwenye relei nyingi poti moja hubeba itifaki moja tu kwa wakati mmoja. Weka anwani, kasi, pariti na biti za kusimama kutoka kwenye karatasi. Hifadhi. Soma faili tena kutoka kwenye relei, ulilinganishe na lile la mwanzo. Tofauti ziwe zile ulizokusudia, zisizidi hata moja.

Hatua ya 4: Uliza relei moja kwanza

Usiende kwenye kompyuta ya udhibiti bado. Chukua laptopu, konveta ya USB kwenda RS-485, na programu yoyote ndogo ya kuuliza Modbus. Omba rejista moja (kisanduku cha namba ndani ya relei) kutoka relei moja. Kuna majibu ya aina tatu.

Kimya kabisa: waya, anwani, kasi au pariti. Rudi hatua ya 2.

Jibu lililochafuka, programu inalalamika kuhusu CRC (tarakimu ya kuhakiki ujumbe): data inafika lakini inaharibika njiani. Tazama rezista, ngao, kebo za nguvu za jirani, au relei mbili zenye anwani moja.

Jibu la kukataa: relei inarudisha namba ya kosa. Ukiona hili shukuru, kwa sababu maana yake waya, anwani, kasi na pariti vyote viko sawa. Relei imekusikia, ila haikubaliani na ulichoomba. Kosa 01 ni kwamba huduma uliyoomba haipo. Kwa mfano umetumia namba 03 wakati relei hii vipimo vyake vinasomwa kwa namba 04. Kosa 02 ni kwamba rejista uliyoitaja haipo. Nimemwona fundi anafumua kebo nzima kwa sababu ya kosa 02. Kebo haikuwa na hatia.

Hatua ya 5: Rejista, na wapi namba hudanganya

Kitabu cha relei kina orodha ya rejista: mkondo wa fezi ya kwanza uko hapa, volti ziko pale, hali ya breka iko kule. Hapa kuna mitego minne, na mimi nimenasa karibu yote.

Wa kwanza ni wa moja kuongezeka au kupungua. Orodha nyingi huandika rejista kama 40011. Lakini kwenye waya hesabu huanza sifuri, kwa hiyo 40011 huombwa kama 10. Programu nyingine hukutolea moja zenyewe, nyingine hazitoi, na baadhi ya vitabu vimeshatoa tayari.

Nisimulie. Sehemu moja, sitaitaja, niliunganisha relei ya fida yenye CT ya 200/1. Kwenye skrini ya kompyuta: fezi ya kwanza 84, ya pili 84, ya tatu 0. Mwenye kituo akapauka. Nami nikapauka, maana fezi ya tatu kuwa sifuri huku mzigo unaendelea maana yake ya kwanza kichwani ni waya wa CT umekatika, na CT iliyo wazi mzigo ukiwa juu yake huzalisha volti za kuua. Tukaanza kuzungumzia kuzima. Kabla ya hapo nikachukua klampu mita ndogo nikapima nyaya za CT nyuma ya paneli: 0.42, 0.42, 0.42. Ukizidisha 0.42 kwa 200 unapata 84. Fezi zote tatu nzima. Nikageuka kuangalia skrini ya relei yenyewe, nayo inasema 84 mara tatu. Nilichokuwa nimefanya ni kusogeza orodha kwa rejista moja: palipoandikwa fezi ya kwanza nilikuwa nasoma ya pili, palipoandikwa ya pili nasoma ya tatu, na palipoandikwa ya tatu nasoma mkondo wa ethi, ambao kwa mzigo uliolingana ni karibu sifuri. Tangu siku ile sikubali tarakimu ya kompyuta kabla sijailinganisha na uso wa relei, mstari kwa mstari.

Mtego wa pili ni kizidishi. Rejista inabeba namba nzima tu, hivyo 84.3 inaweza kutumwa kama 843, na wewe ndiye wa kugawa kwa 10. Na ujue kama relei inatuma ampia za upande wa laini au za upande wa CT. Hapo ndipo kompyuta inakuonyesha ampia 0.4 kwenye fida inayoendesha kiwanda.

Wa tatu ni namba hasi. Rejista moja huishia 65,535. Nguvu ikirudi nyuma kilowati 100, relei hutuma hasi 100, na kompyuta isiyoambiwa kwamba namba hii ina alama huisoma 65,436. Ukiona namba inayozungukazunguka elfu sitini na tano, usimpigie simu meneja. Badilisha aina ya namba.

Wa nne ni namba kubwa zilizogawanywa kwenye rejista mbili, kama vile usomaji wa nishati. Tuseme usomaji ni 70,000. Relei inatuma 1 kwenye rejista ya kwanza na 4,464 kwenye ya pili, kwa sababu 1 mara 65,536 ukijumlisha 4,464 ni 70,000. Kompyuta ikizisoma kwa mpangilio wa kinyume inakupa 292,552,705. Kuna kitufe cha kubadilisha mpangilio wa maneno. Kibadilishe, linganisha na uso wa relei, basi.

Hatua ya 6: Unganisha zote

Sasa nenda kwenye kompyuta ya udhibiti, ongeza relei moja, ikikaa sawa ongeza ya pili. Usiongeze nane kwa mpigo.

Hesabu ya muda inasaidia. Kwa kasi ya 9600 na biti 11 kwa kila herufi, swali la herufi 8 na jibu la rejista 20, ambalo ni herufi 45, huchukua kama milisekunde 61 njiani. Mpe relei 40 za kufikiri, ni kama 100 kwa jumla. Relei nane zinazungukwa chini ya sekunde moja. Lakini relei moja ikizimwa, na kompyuta ukaiambia isubiri sekunde moja na ijaribu mara tatu, mzunguko mzima unafika karibu sekunde nne, na relei saba nzima zinaonekana nzito. Kwa hiyo punguza muda wa kusubiri hadi nusu sekunde, majaribio mawili, na kama programu yako inaruhusu, relei iliyokufa iulizwe mara chache. Pia soma rejista zilizopakana kwa swali moja badala ya maswali ishirini ya rejista mojamoja.

Lazimisha skrini ionyeshe pale mawasiliano yanapokatika: tarakimu zigeuke kijivu, na kengele ilie. Bila hilo unarudi kwenye tochi na mwavuli.

Hatua ya 7: Saa

Matukio bila saa sahihi hayana kazi. Kama kuna mtandao wa Itheneti, tumia seva ya saa kwa SNTP, poti 123. Kama kuna saa ya setilaiti, mara nyingi huleta ishara ya IRIG-B kwa waya wake. Sisi tuko saa 3 mbele ya saa ya dunia, na huku hakuna kusogeza saa kwa majira. Relei ambayo haikuambiwa hivyo itarekodi tripu ya saa mbili usiku kama 17:00, na mwenye zamu ataapa kwamba jua lilikuwa limeshazama. Kwenye ripoti andika kwa mtindo wa saa 24 kama relei inavyoandika. "Saa mbili" ya mdomoni na 02:00 ya relei zimepishana saa sita, na kuna wakati gari la mafundi limetumwa kutafuta hitilafu ya alfajiri iliyotokea asubuhi.

Hatua ya 8: Jaribu kila kitu kimojakimoja

Mmoja asimame kwenye paneli, mwingine kwenye skrini, na simu au redio kati yao. Ingiza mkondo kwa mashine ya kupimia relei: ampia 1 upande wa CT ya 200/1 lazima isomeke 200 kwenye skrini. Fanya kwa kila fezi peke yake, kwa thamani tofauti, sema 0.5, 0.7 na 0.9, ili fezi zikibadilishana uone. Kisha tripu, kengele za ulinzi, hali ya breka.

Hapo kwenye breka, Kiswahili chetu kina hatari yake. Nyumbani ukisema "funga umeme" unataka uzimwe, na "fungua redio" unataka iimbe. Kwenye vitabu vya breka ni kinyume: breka iliyofungwa ndiyo inayopitisha umeme. Niliwahi kuwa kwenye paneli, dada wa zamu yuko kwenye skrini:

"Kaka, namba tatu naiona imefungwa."

"Imefungwa ya kupitisha au imefungwa ya kuzimwa?"

Kimya kidogo. "Ya kuzimwa."

Kwenye paneli ilikuwa inapitisha. Biti ilikuwa imegeuzwa kwenye kompyuta, na laiti nisingeuliza tungeweka alama ya tiki kwenye kosa. Tangu hapo kwenye redio tunasema "imeshika" na "imeachia", basi. Na breka yenye viashirio viwili usiifupishe kuwa biti moja: kwenye itifaki za familia ya IEC 60870-5 thamani 1 ni imeachia, 2 ni imeshika, na 0 au 3 ni kwamba iko njiani au kiashirio kimeharibika. Hayo ya mwisho ndiyo unayotaka kuyajua kabla hujamruhusu mtu kugusa laini.

Kama relei yako inatumia itifaki nyingine

Itheneti kwanza. Kila relei ipewe IP yake isiyobadilika, mfano 192.168.10.21, barakoa ya mtandao 255.255.255.0, na mlango wa kutokea kama kompyuta iko mtandao mwingine. IP mbili zikifanana utaona relei moja inakuja na kuondoka kama umeme wa mgao. Modbus TCP iko poti 502, na yote niliyosema kuhusu rejista yanabaki vilevile.

IEC 60870-5-103 ilitungwa kwa ajili ya relei. Hapo unahitaji anwani na aina ya kazi: 128 kwa ulinzi wa masafa, 160 kwa mkondo wa ziada, 176 kwa tofauti ya transfoma. IEC 60870-5-104 hupita poti 2404, na cha kuangalia ni anwani ya kituo, anwani za vitu, na vipima muda. Vya kawaida ni t1 sekunde 15, t2 10, t3 20; t2 lazima iwe ndogo kuliko t1, la sivyo muunganisho utakatika na kurudi bila kukoma.

DNP3, poti 20000, ina anwani mbili: ya relei na ya anayeuliza. Watu husahau ya pili. Panga matukio kwenye madaraja 1, 2 na 3, na zile taarifa ambazo relei huzituma bila kuulizwa zizime kwanza, uziwashe mambo yakishatulia.

IEC 61850 ni kazi nyingine kabisa. Haipangwi kwa menyu ya mbele. Inapangwa kwa mafaili, na jina la relei likibadilika hata herufi moja, kompyuta haitaitambua. Ripoti zenye hifadhi huwa na idadi maalumu ya wanaoweza kuzisoma. Kompyuta ya tatu ikikataliwa, angalia hapo kabla ya kulaumu faiba. Ujumbe wa GOOSE kati ya relei na relei hautumii IP. Unapita kwa anwani za MAC zinazoanza 01-0C-CD-01, na swichi ya mtandao isiyopangwa vizuri huweza kuuzuia. Ukibadilisha seti ya data upande mmoja, namba ya toleo hupanda, na relei inayopokea itaukataa ujumbe hadi nayo ipewe faili jipya.

Hatua ya mwisho: funga milango

Modbus haina nywila. Aliye kwenye waya ule anaweza kutuma amri 05, 06 au 16 na kuandika anachotaka. Kama hamjakubaliana rasmi kwamba breka zitaendeshwa kutoka kompyuta, zima uandishi kutoka mbali kwenye relei, na swichi ya paneli ibaki upande wa hapohapo. Badilisha nywila ya kiwandani. Imeandikwa kwenye kitabu ambacho yeyote anaweza kukipakua. Na modemu ya laini ya simu iliyochomekwa kwenye swichi ya kituo "ili bosi aone akiwa Dar", ichomoe. Kama bosi lazima aone, apite kwenye mtandao uliofungwa, tena kwa kusoma tu.

Soma mafaili ya relei zote kwa mara ya mwisho, yahifadhi sehemu mbili zilizotengana. Chapisha ile karatasi ya hatua ya 1, ikiwa imesahihishwa, na vipimo vya ohm ulivyopata, namba za rejista na tarehe. Itie kwenye mfuko wa plastiki, uibandike ndani ya mlango wa paneli, juu, mbali na hita.